Vikomo vya michango katika 401(k) yenye mgao wa faida: mwongozo kamili kwa wanaofanya kazi Marekani

Wengi wanaofanya kazi Marekani na kuchangia 401(k), yaani mpango wa akiba ya kustaafu unaopitia kwa mwajiri, wanajua kuna kikomo cha mwaka. Wasichoambiwa ni kwamba vikomo ni viwili na havifanani. Cha kwanza kinakufuata wewe kokote uendako, uwe na mwajiri mmoja au watatu, na hakuna ofisi inayokujumlishia makato ya waajiri wote. Cha pili ni cha mpango wa mwajiri. Hicho kinajumlisha kila senti iliyoingia humo kwa jina lako, pamoja na mgao wa faida ambao kampuni huweza kuutoa miezi kadhaa baada ya mwaka kwisha. Anayevichanganya huweza kutozwa kodi mara mbili kwa pesa ileile. Mwingine hupunguza akiba yake kwa kuogopa kikomo ambacho hajakikaribia, na huyo ndiye ninayemhurumia zaidi, kwa sababu hakuna barua itakayomjia kumwambia amepoteza.

Kwa aliyefika karibuni kutoka nyumbani, tusawazishe jambo moja kwanza. Kinachofanana na NSSF huku ni Social Security, yale makato ya lazima yanayoonekana kwenye kila hati ya mshahara. 401(k) ni akiba nyingine kabisa, iko kwenye akaunti yenye jina lako, na ulichokatwa kutoka mshahara wako hubaki chako hata ukiacha kazi au ukihama nchi.

Takwimu zote hapa ni za mwaka 2026. IRS, yaani mamlaka ya kodi ya Marekani, huzibadilisha kila mwaka na hutangaza mpya kabla mwaka haujaanza, kwa hiyo ukisoma haya baadaye badilisha namba na ufuate njia ileile.

Hatua ya kwanza: tenganisha pesa kwa chanzo chake

Fungua akaunti yako kwenye tovuti ya mpango na utafute ukurasa unaoonyesha michango kwa chanzo. Usiangalie jumla peke yake, kwa maana jumla haikuambii lolote kuhusu vikomo.

Chanzo cha kwanza ni makato yako mwenyewe. Yanaweza kuwa ya kabla ya kodi, ambayo hupunguza kodi ya mwaka huu, au ya Roth, ambayo umeshayalipia kodi. Kwa upande wa kikomo, hayo mawili ni kitu kimoja: ukiweka 10,000 kabla ya kodi na 5,000 za Roth, umechangia 15,000.

Chanzo cha pili ni mechi, pesa anazoweka mwajiri kwa sababu wewe umechangia. Cha tatu ni mgao wa faida, na huu mwajiri huuweka hata kama wewe hukuchangia chochote. Kuna mipango michache inayoruhusu pia michango ya baada ya kodi isiyo ya Roth, na hicho ni chanzo cha nne.

Faida iliyozaliwa na uwekezaji, pesa ulizohamisha kutoka mpango wa kazi ya zamani, na marejesho ya mkopo uliojikopesha kutoka akaunti yako havihesabiwi kabisa. Ukiona salio limepanda kwa dola 30,000 mwaka huu, usishtuke kabla hujajua ngapi kati ya hizo ni soko la hisa tu.

Angalia pia kama huo unaoitwa mgao wa faida umeingia kweli kwenye mpango. Kampuni nyingine huulipa taslimu pamoja na mshahara wa mwezi fulani. Hiyo ni bonasi, inakatwa kodi kama mshahara na haigusi kikomo. Na kama kampuni inakupa hiari ya kuichukua taslimu au kuiweka kwenye 401(k), basi sehemu utakayochagua kuiweka inahesabiwa kama makato yako mwenyewe. Haihesabiwi kama mchango wa mwajiri, na hapo ndipo watu wanapovuka kikomo cha kwanza mwezi Desemba bila kuelewa imetokeaje.

Hatua ya pili: vijue vikomo na namba zake

Kikomo cha kwanza, cha makato yako mwenyewe, ni dola 24,500. Kinajumlisha 401(k) zote, 403(b) za hospitali na vyuo, na SIMPLE IRA, mpango wa waajiri wadogo, kwa waajiri wote wa mwaka huo. Mpango wa 457(b) wa serikali ya jimbo au mji una kikomo chake peke yake, na IRA unayofungua mwenyewe benki nayo ina chake cha dola 7,500. Hivyo viwili usivichanganye humu.

Anayetimiza miaka 50 kabla ya mwaka kwisha anaruhusiwa kuongeza dola 8,000 juu ya hizo. Anayetimiza 60, 61, 62 au 63 mwaka huo anaruhusiwa kuongeza 11,250 badala ya 8,000, kama mpango wake umekubali utaratibu huo. Mwaka unaotimiza 64 unarudi kwenye 8,000.

Kuanzia 2026 nyongeza hiyo ya umri ina sharti jipya. Kama mwajiri huyohuyo alikulipa mwaka 2025 mshahara uliozidi dola 150,000, nyongeza yako lazima iwe ya Roth. Mpango usio na Roth hauwezi kuipokea nyongeza yako kabisa, kwa hiyo ulizia mapema.

Kikomo cha pili ni dola 72,000 au asilimia 100 ya malipo yako ya mwaka kutoka kwa mwajiri huyo, kile kilicho kidogo. Ndani yake mnaingia makato yako, mechi, mgao wa faida na michango ya baada ya kodi. Nyongeza ya umri haimo. Pesa za mwajiri ambazo bado hazijawa zako rasmi zimo, hata kama ukiondoka kesho utaziacha. Hali kadhalika pesa walizoziacha wenzako walioondoka mapema, pale kampuni inapozigawa kwa waliobaki.

Kuna namba ya tatu inayowahusu wenye mishahara mikubwa. Kampuni inapopiga asilimia ya mgao, hairuhusiwi kuhesabu mshahara unaozidi dola 360,000. Daktari anayelipwa 500,000 katika mpango unaotoa asilimia 10 atapata 36,000. Asitegemee 50,000.

Hatua ya tatu: piga hesabu ya kazi moja

Chukua mhandisi wa miaka 40, mshahara dola 120,000. Anakatwa kiwango cha juu, 24,500. Mwajiri anatoa mechi ya asilimia 4, yaani 4,800, kisha mgao wa faida wa asilimia 10, yaani 12,000. Jumla ni 41,300. Kikomo cha kwanza amekigusa barabara bila kukivuka, na cha pili bado kina nafasi ya 30,700.

Nimeuweka mfano huu kwa makusudi, kwa sababu kuna dhana inayosambaa kwamba mgao wa faida unakula nafasi ya makato yako. Hauli. Mwajiri akikuwekea 12,000, wewe bado una haki ya kukatwa 24,500 kamili. Mwenye mshahara wa kawaida na kazi moja mara chache sana atafika 72,000, na akipunguza makato yake ili kuupisha mgao amejikosesha bure.

Wanaogonga kikomo cha pili ni wa aina mbili: wenye mishahara mikubwa katika kampuni zinazotoa mgao mnono, na watu wenye malipo madogo ambao wanakatwa karibu mshahara wote. Hawa wa pili ndio wanaosahaulika.

Mfano ni mke anayefanya kazi za ofisi katika biashara ya familia, akilipwa 24,000 kwa mwaka, huku mshahara wa mume kwingineko ukitosha matumizi ya nyumba. Anaamua kukatwa 22,000. Biashara inatoa mgao wa asilimia 25, yaani 6,000. Jumla ni 28,000, na kikomo chake ni asilimia 100 ya malipo yake, yaani 24,000. Amezidi kwa 4,000, ingawa yuko mbali mno na 72,000. Akiwa na miaka 50 au zaidi, mpango unaweza kuzihesabu 4,000 kati ya makato yake kuwa nyongeza ya umri, na ziada ikaisha palepale. Akiwa na 35, itabidi irekebishwe.

Hatua ya nne: kazi mbili, mahali panapoumiza

Hapa naomba usome polepole. Wenzetu wengi Marekani wana kazi mbili: hospitali mchana na wakala wa wauguzi wikendi, au ghala usiku na ofisi asubuhi. Kila mwajiri anaona makato aliyokukata yeye tu. Programu yake ya mishahara itakusimamisha ukifika 24,500 kwake, lakini haina habari na ulichokatwa kule kwingine.

Muuguzi wa miaka 38 anakatwa 16,000 kwenye 403(b) ya hospitali na 11,000 kwenye 401(k) ya wakala. Kila upande uko chini ya kikomo. Jumla ni 27,000, na amezidi kwa 2,500. Kutokuwa na habari si kinga, kwa sababu sheria imemwachia yeye mwenyewe kazi ya kujumlisha.

Siku hizi tatizo limeongezeka kwa sababu ya uandikishaji wa moja kwa moja. Sheria ya SECURE 2.0 imeagiza kwamba mipango mingi iliyoanzishwa tangu tarehe 29 Desemba 2022 imwingize mfanyakazi yenyewe, kuanzia mwaka 2025, kwa asilimia 3 hadi 10 ya mshahara, na kupandisha asilimia moja kila mwaka hadi angalau 10. Kampuni zenye wafanyakazi 10 au pungufu na zile changa za chini ya miaka mitatu zimesamehewa. Kwa hiyo unaweza kuanza kazi ya pili, usijaze fomu yoyote ya akiba, na bado ukakatwa. Ukianza kazi mpya, angalia hati ya mshahara wa kwanza. Kama umeingizwa bila kutaka, mara nyingi una hadi siku 90 za kuomba urudishiwe, na kusimamisha makato yanayofuata unaruhusiwa wakati wowote.

Aliyebadilisha kazi katikati ya mwaka yuko kwenye shimo hilohilo. Hesabu haianzi upya kwa sababu umepata mwajiri mpya. Kama ulikatwa 14,000 hadi Juni, mwajiri mpya ana nafasi ya 10,500 tu hadi Desemba. Mpe namba hiyo kwa maandishi, kisha igawanye kwa idadi ya mishahara iliyobaki.

Kikomo cha pili, kwa upande wake, kinaanza upya kwa kila mwajiri asiye na uhusiano na mwingine. Muuguzi wetu ana 72,000 hospitalini na 72,000 nyingine kwa wakala. Lakini kampuni mbili za mmiliki mmoja huhesabiwa kama mwajiri mmoja.

Liko jambo moja hapa ambalo hata baadhi ya wahasibu hulipita. Kama una 403(b) hospitalini na papo hapo unamiliki biashara yako, tuseme nyumba ya kutunzia wazee, na biashara hiyo ina mpango wake wa kustaafu, sheria inakuchukulia wewe ndiye mwenye kuidhibiti ile 403(b). Kwa hiyo mipango hiyo miwili inashiriki kikomo kimoja cha 72,000. Kazi yako ya mchana ikiwa na 401(k) badala ya 403(b), sharti hilo halikuhusu. Waambie hospitali kuhusu biashara yako, na mwambie mhasibu wako kuhusu 403(b).

Hatua ya tano: umezidisha makato, fanya hivi

Mwezi Januari chukua fomu zako zote za W-2, zile ambazo kila mwajiri hukupa zikionyesha mshahara na makato ya mwaka, na uangalie kisanduku namba 12. Herufi D ni makato ya 401(k) kabla ya kodi, AA ni Roth ya 401(k), E ni 403(b) kabla ya kodi, BB ni Roth ya 403(b), na S ni SIMPLE. Zijumlishe zote. Mechi na mgao wa faida havionekani humo, kwa hiyo W-2 inakujibu kuhusu kikomo cha kwanza tu.

Ukiona umezidi, chagua mpango utakaotoa ziada. Chaguo ni lako, na lina thamani. Toa ziada kule ambako makato yaliyozidi hayakuvuta mechi, kwa sababu ukiyatoa makato yaliyolipiwa mechi, mechi hiyo nayo huweza kunyang'anywa. Kama wakala hatoi mechi na hospitali inatoa, ziada itoke kwa wakala.

Kisha mwandikie msimamizi wa mpango. Taja mwaka wa makato, jumla ya makato yako katika mipango yote, kiasi kilichozidi, na kiasi unachotaka kitolewe kwake. Eleza kwamba ni ziada ya kikomo cha mwaka cha makato ya mfanyakazi, ili asikushughulikie kama mtu anayetoa akiba kabla ya wakati. Ambatisha nakala za W-2. Mipango mingi ina fomu maalumu na huweka mwisho wa kupokea maombi mapema, mara nyingi mwanzoni mwa Machi, kwa hiyo usisubiri Aprili.

Tarehe isiyoongezwa ni 15 Aprili ya mwaka unaofuata. Kwa ziada ya 2026, pesa lazima ziwe zimetoka kwenye mpango kufikia 15 Aprili 2027. Ukiomba IRS ikuongezee muda wa kuwasilisha ritani, ruhusa hiyo haisogezi tarehe hii hata siku moja.

Tuseme 2,500 za muuguzi zilikuwa za kabla ya kodi na zilizaa dola 120. Zile 2,500 anaziongeza kwenye mapato ya 2026, katika ritani anayoiwasilisha mapema 2027, ingawa W-2 haikuzionyesha kama mshahara wa kutozwa kodi. Zile 120 ni mapato ya 2027, mwaka zilipomfikia mkononi. Januari 2028 atapokea fomu ya 1099-R, inayoripoti pesa zilizotoka kwenye mpango: kwenye 2,500 kutakuwa na herufi P, maana yake kodi yake ilikuwa ya mwaka uliotangulia, na kwenye 120 namba 8. Asingoje fomu hiyo ndipo aripoti zile 2,500; wakati huo ritani ya 2026 itakuwa imeshapita. Faini ya asilimia 10 ya kutoa mapema haipo, ilimradi amewahi tarehe. Kama ziada ilikuwa ya Roth, haongezi chochote kwenye mapato kwa 2,500 kwa kuwa alishazilipia kodi, na faida yake tu ndiyo itakayotozwa.

Ukichelewa, ziada inatozwa kodi mwaka ulioichangia, inabaki imefungiwa ndani ya mpango, kisha inatozwa kodi tena siku utakapoitoa, pengine miaka 20 baadaye. Hata Roth iliyozidi hupoteza heshima yake hapo na kutozwa mara ya pili. Kwa dola 2,500 hiyo ni adhabu kubwa kwa kosa linalosahihishwa kwa barua moja.

Kama ziada yote imetokea kwa mwajiri mmoja, yeye ndiye aliyepaswa kuizuia na ndiye wa kuirekebisha. Mwarifu kwa maandishi hata hivyo.

Hatua ya sita: mgao wa faida na tarehe zake

Mgao wa faida una hulka zake. Katika mipango mingi mwajiri hajajifunga kuutoa: mwaka huu asilimia 10, mwakani 3, mwaka wa tatu sifuri. Na licha ya jina lake, kampuni haihitaji kuwa imepata faida ili iutoe.

La kushika zaidi ni kwamba kampuni ina muda wa kuuweka hadi siku ya mwisho ya kuwasilisha ritani yake, pamoja na muda wa ziada ikiwa imeuomba. Mgao wa 2026 unaweza kuingia Septemba 2027, na bado ukahesabiwa katika kikomo cha 2026. Ukiangalia akaunti kwa kalenda utaona pesa za 2027. Ukiuliza mpango, watakuambia ni za 2026. Kabla hujaamua kuongeza michango ya baada ya kodi ili kujaza nafasi iliyobaki, uliza ofisi ya rasilimali watu mambo mawili: mgao wa mwaka uliopita ulikuwa asilimia ngapi, na wa mwaka huu unatarajiwa kuwekwa lini. Acha nafasi ya kutosha kuupokea.

Kisha soma muhtasari wa mpango, ule ambao mwajiri analazimika kukupa, na utafute masharti ya kupata mgao. Mengi husema lazima uwe umefanya kazi saa 1,000 katika mwaka na uwe bado mwajiriwa siku ya mwisho ya mwaka. Anayeacha kazi 20 Desemba anaweza kukosa mgao mzima kwa siku 11. Kama una barua ya kazi mpya mkononi mwezi Novemba, ongea na mwajiri mpya kuhusu tarehe ya kuanza.

Angalia pia ni lini pesa hizo zitakuwa zako rasmi. Makato yako ni yako tangu siku ya kwanza. Kwa mgao, sheria inaruhusu mwajiri akungojeshe miaka mitatu kisha akupe zote kwa pamoja, au akupe asilimia 20 baada ya miaka miwili na kuongeza 20 kila mwaka hadi zitimie 100 mwaka wa sita. Mwenye 12,000 kwenye ratiba hii ya pili, akiondoka baada ya miaka miwili, anachukua 2,400.

Kikomo cha pili kikivukwa, kurekebisha ni kazi ya kampuni. Kwa kawaida huanza kukurudishia michango ya baada ya kodi kama ipo, halafu makato yako ambayo hayakuvuta mechi, na baada ya hapo ndipo pesa za mwajiri huguswa. Yule mke wa mfano wetu, akiwa na miaka 35, atarudishiwa 4,000 za makato yake pamoja na faida yake, na mgao wa 6,000 utabaki. Dai maelezo ya maandishi yanayoonyesha kiasi, mwaka na sababu, kwa sababu 1099-R itakayokuja itakuwa na herufi E na ni lazima ilingane nayo.

Usichanganye marejesho hayo na yale ya majaribio ya usawa. Kila mwaka mipango mingi hupimwa kuona kama wakubwa wanachangia kupita kiasi wakilinganishwa na wafanyakazi wa kawaida. Kwa 2026, mkubwa ni aliyelipwa zaidi ya dola 160,000 mwaka 2025 au anayemiliki zaidi ya asilimia 5 ya kampuni. Mpango ukishindwa jaribio, mkubwa anarudishiwa sehemu ya makato, kwa kawaida kufikia 15 Machi, na kodi yake ni ya mwaka anaoipokea. Hukuvuka kikomo chochote. Wenzako wamechangia kidogo.

Hatua ya saba: usifike kikomo mapema mno

Mwenye mshahara wa dola 180,000 unaolipwa mara 26 kwa mwaka, akiweka makato ya asilimia 24, atafika 24,500 kwenye mshahara wa 15, mwishoni mwa Julai. Kama mechi ya asilimia 4 inahesabiwa kwa kila mshahara, mishahara 11 iliyobaki haina makato, hivyo haina mechi. Amepoteza kama dola 3,046.

Mipango mingine hufanya hesabu upya mwisho wa mwaka na kukulipa mechi uliyoikosa. Uliza kama wa kwenu una utaratibu huo. Kama hauna, gawanya 24,500 kwa mshahara wa mwaka. Kwa huyu inatoka asilimia 13.6, na makato yatamfikisha Desemba. Kumbuka bonasi nayo hukatwa asilimia ileile, isipokuwa mpango umeitenga, kwa hiyo ijumuishe kwenye mshahara kabla ya kugawanya.

Kwa waliojiajiri, hasa madereva wa lori wenye magari yao

Ukilipwa kwa fomu ya 1099, yaani kama mkandarasi na si mwajiriwa, na huna mfanyakazi, unaweza kufungua 401(k) ya mtu mmoja, na humo wewe ni mwajiri na mwajiriwa. Kama mwajiriwa unaweka hadi 24,500, ukipunguza chochote ulichokatwa kwenye kazi nyingine. Kama mwajiri unajipa mgao wa faida, na hapa wengi wanakosea asilimia. Sheria inataja 25, lakini kwa aliyejiajiri bila kusajili kampuni hesabu inaishia kwenye 20 ya pato baada ya kuondoa nusu ya kodi ya kujiajiri.

Dereva aliyebakiwa na faida ya dola 80,000 baada ya mafuta, bima na matengenezo anazidisha 80,000 kwa 0.9235 na kupata 73,880. Asilimia 15.3 yake ni kodi ya kujiajiri, 11,304, na nusu yake ni 5,652. Ukiitoa kwenye 80,000 inabaki 74,348, na asilimia 20 yake ni karibu 14,870. Akiongeza 24,500 za makato, mwaka huo ameweka 39,370. Aliyechukua 25 ya 80,000 angejiwekea mgao wa 20,000, na zaidi ya 5,000 kati yake zingekuwa haziruhusiwi kupunguza kodi.

Fungua akaunti na uandike uamuzi wako wa makato kabla ya 31 Desemba, hata kama pesa utaziweka baadaye. Mke au mume anayelipwa na biashara anaruhusiwa kuingia kwenye mpango huu. Ukiajiri dereva wa pili kwa W-2, mwenye miaka 21 na saa 1,000 kwa mwaka, mpango si wa mtu mmoja tena; naye atastahili kuingia na utahitaji msimamizi. Na mali za mpango zikizidi dola 250,000 mwisho wa mwaka, unatakiwa kuwasilisha fomu 5500-EZ, taarifa ya mwaka ya mpango, kufikia 31 Julai. Adhabu ya kuisahau ni dola 250 kwa siku, hadi 150,000. Fomu yenyewe haina kodi ya kulipa, ndiyo maana husahaulika.

Ratiba ya mwaka

Januari, jumlisha W-2 za mwaka uliopita na upange asilimia mpya kwa kila kazi. Februari, kama kuna ziada, barua iwe imefika kwa msimamizi. Katikati ya Machi, piga simu kuhakikisha ombi linashughulikiwa na uulize pesa zitatoka tarehe ngapi. Kabla ya 15 Aprili ziwe zimetoka. Julai, chukua hati ya mshahara ya kila mwajiri, soma jumla ya makato tangu Januari, na ukadirie Desemba itafika wapi. Bado kuna miezi mitano ya kusahihisha bila fomu yoyote. Oktoba au Novemba, angalia kama umetimiza saa za mgao. Mwanzoni mwa Desemba, fanya badiliko la mwisho, kwa sababu ofisi nyingi za mishahara huhitaji wiki moja au mbili kulitekeleza, na mshahara wa kazi ya Desemba ukilipwa Januari, makato yake ni ya mwaka mpya.

Hifadhi barua za ziada, 1099-R na taarifa za mgao kwa pamoja na ritani za miaka hiyo. Ukibadilisha anwani, wajulishe hata waajiri wa zamani ambao bado wana akaunti yako, kwa sababu 1099-R yenye herufi P hutumwa kwenye anwani ya mwisho waliyo nayo, na IRS hupata nakala yake iwe wewe umeipata au hukuipata.